Bonasi ya Simu

Neno lililomponza Masese lilikuwa na herufi sita, na aliliandika yeye mwenyewe kwa rangi nyekundu, akiwa na akili zake timamu. Asitafutwe mchawi.

Ilikuwa Juni, mwaka wa tisini na tisa. Masese alikuwa na duka la redio, betri na pasi pale Litein, mji wa wakulima wa chai, na kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imempa uwakala wa kuuza simu za mkononi, vitu ambavyo watu wengi wa hapo walikuwa wameviona gazetini tu. Pamoja na katoni ya simu kumi na mbili ilikuja barua ya Kiingereza. Simu ni shilingi elfu kumi na nane. Anayelipa yote mara moja anapunguziwa elfu tatu, anaondoka na simu yake kwa elfu kumi na tano. Anayetaka kulipa polepole anatoa elfu nne kwanza, kisha elfu mbili na mia nane kila mwezi kwa miezi sita. Huyo hapunguziwi kitu, na ukijumlisha utaona analipa karibu elfu ishirini na moja, lakini mwisho wa mwaka atapata bonasi. Bonasi gani, barua haikusema, na Masese hakuuliza. Macho yake yalikuwa kwenye mstari wa chini kabisa, uliomhusu yeye: simu ya taslimu itampa wakala shilingi mia tatu, na simu ya polepole itampa elfu mbili.

Tusidanganyane. Hata mimi na wewe tungejua ni simu ipi ya kusifia.

Akachukua ubao, akaandika: LIPA POLEPOLE, UPATE BONASI MWISHO WA MWAKA. Habari ya taslimu akaiweka chini kwenye kona, kwa kalamu ya wino, herufi za ukubwa wa chawa. Mke wake Bonareri alikuwa na cherehani barazani, akishona sare za shule. Akaacha kukanyaga, akausoma ubao wote hadi kwa chawa.

"Baba Nyamusi, toa hilo neno," akasema. "Andika zawadi."

"Kwani bonasi si zawadi?"

"Nairobi ni zawadi. Hapa ni neno liko na wenyewe."

Masese alijua. Kwao Kisii pia chai inachumwa, na hakuwa mgeni wa mambo hayo. Mkulima hupeleka majani kituoni mwaka mzima, kila mwezi analipwa kidogo kwa kilo, hela ya chumvi na sabuni. Kisha mara moja kwa mwaka kiwanda kinatoa kile kilichobaki, kwa kilo zile zile, na hiyo ndiyo bonasi. Haikuwa zawadi hata siku moja. Ni jasho lako ambalo mtu alikuwa amekushikia. Bonasi ndiyo inaezeka nyumba, ndiyo inaoa, ndiyo inarudisha mtoto shuleni, na ukimwambia mwenye hoteli kwamba utamlipa bonasi ikitoka, anakuongezea chapati. Masese alijua hayo yote, na ndiyo sababu hakulifuta.

Wa kwanza kuuma ndoano alikuwa mzee Kipsang, mwenyekiti wa kamati ya kituo cha kupimia majani. Kipsang hakuwa mtu wa kununua kitu bila kukifanyia mkutano. Alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma, akasoma mara tatu.

"Masese," akasema, "hii ponasi yako ni shilingi ngapi kwa kilo?"

Hapo ndipo Masese angecheka, aeleze, na hadithi hii ingeishia hapo. Badala yake akasema, "Inategemea matumizi, Mzee. Mwenye kutumia sana anapata sana."

Alikuwa amekisia tu. Kipsang akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa jambo alilokuwa analijua tangu zamani.

"Kwa hivyo kuongea ndiyo kuchuma."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na hiyo pili ya simu ya kila mwezi ndiyo mpolea."

Masese akanyamaza. Katika biashara, anayenyamaza amekubali.

Wiki tatu hazikuisha, simu kumi zilikuwa zimeondoka, zote za polepole. Shida ikawa ni nani wa kumpigia. Mwenye simu hakuwa na wa kuongea naye ila mwenye simu mwenzake, na wote walikuwa wa upande mmoja wa Litein. Kipsang akiwa juu ya shamba lake alimpigia jirani yake Kipkurui aliyekuwa chini, ng'ambo ya ua.

"Uko wapi?"

"Niko hapa chini. Si unaniona?"

"Nakuona. Umevaa kofia."

"Ni ya jana."

Waliongea hivyo dakika ishirini, wakipungiana mikono, kila mmoja akijihesabia kilo. Jioni Kipkurui alikaa nje ya nyumba akimtajia Kipsang majina ya ng'ombe wake wote, wa sasa na waliokufa, na mke wake alipomuuliza ana wazimu gani, alimwambia aache kumsumbua, yuko kazini. Bili zilipokuja walilipa kwa moyo mmoja. Mkulima haogopi mbolea. Aliye bahili wa mbolea ndiye hulia siku ya bonasi.

Simu ya kumi na moja ndiyo iliyomtia Masese katika dhambi.

Rodah alikuja dukani asubuhi na elfu kumi na tano zilizofungwa kwenye leso. Alikuwa mjane wa makamo, ana eka moja na nusu ya chai na ng'ombe watatu wa maziwa, na ndiye mweka hazina wa kikundi cha akina mama waliouza maziwa kwa mnunuzi wa Sotik. Gari la mnunuzi lilikuwa linakuja siku linapotaka. Lisipokuja, lita mia moja na ishirini zinaganda barabarani huku akina mama wakiitazama kona. Rodah alitaka simu ampigie mnunuzi kabla ya kukamua: unakuja au hukuji. Alikuwa ameuza fahali, na alikuwa amesoma zile herufi za chawa.

Lazima niseme Rodah alikuwa nani kwa Masese. Mwaka wa tisini na mbili, wakati wa zile fujo, watu wa kabila la Masese walipokuwa wakifukuzwa huku na kule, Rodah alikuja na punda jioni, akapakia redio zote za duka, akazizika ndani ya ghala lake la mahindi. Bonareri na mtoto Nyamusi walilala kwake siku tisa. Fujo zilipotulia, redio zilirudi zote, na vumbi la mahindi ndani ya spika, na tangu siku hiyo Rodah hakuwahi kulitaja jambo hilo, si kwa utani wala kwa hasira. Kama Masese alikuwa na duka Litein, alikuwa nalo kwa sababu ya mama huyo.

"Nimeona ya cash ni kumi na tano," Rodah akasema, akiweka leso juu ya kaunta.

"Ni kweli, Mama Kipngeno. Lakini ukilipa cash unakosa bonasi." Ulimi wa Masese ulikuwa umezoea njia hiyo, ukaenda wenyewe. "Haba na haba hujaza kibaba."

Rodah hakugusa leso. Akamtazama usoni.

"Wewe unaonaje?"

Wale kumi wa kwanza hakuna aliyemuuliza hivyo. Wao waliona ubao, wakajidanganya wenyewe kwa raha zao. Huyu alikuwa anauliza mtu. Masese aliisikia cherehani ya barazani ikinyamaza. Aliona elfu mbili, akaona na mia tatu, na akasita kidogo, maana hakuwa mtu mbaya kwa kazi ya kila siku.

"Mimi naona ya polepole itakufaa," akasema.

"Sawa. Kama wewe umesema."

Akafungua leso, akahesabu elfu nne, akafunga zilizobaki. Cherehani ilianza tena, kwa nguvu kuliko kawaida, na siku hiyo Masese alikula ugali baridi bila mtu kumweleza kwa nini.

Hela iliyo mkononi haina adabu. Zile elfu kumi na moja za Rodah zililiwa na daktari wa ng'ombe, na matanga, na viatu vya shule, na ilipofika Septemba alikuwa anauza kuku ili kutimiza elfu mbili na mia nane za mwezi. Hakunung'unika. Aliwaambia akina mama wa kikundi kwamba bonasi ya simu ikitoka watanunua mikebe ya chuma ya maziwa, ile ya kufunga na mnyororo, na akina mama wakaenda dukani wote, wakaichagua, wakaigonga kwa vidole kusikia mlio wake.

Katikati ya Desemba barua ya kampuni ikaja. Masese aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa juu ya katoni. Kampuni iliwapongeza wateja wake wapendwa. Bonasi yao ilikuwa dakika thelathini za kuongea bure, zitumike mwezi wa Januari, kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri.

Aliisoma tena, labda kuna ukurasa wa pili. Hakukuwa na ukurasa wa pili.

"Waambie ukweli," Bonareri akasema.

"Wataniua."

"Hakuna atakuua. Watakucheka, na wewe unaogopa kuchekwa kuliko kufa."

Masese alikuwa na haki ya kuogopa. Kipsang alikuwa ameshachukua mabati thelathini kwa ahadi. Kipkurui alikuwa ameahidi wakwe zake mtamba. Na kila Masese alipofikiria wale wengine hasira ilimsaidia, akasema ni tamaa yao wenyewe. Lakini alipofikia Rodah, hasira ilimkimbia. Mtu anayedaiwa fedha anaweza kuhama mji. Deni la Masese halikuwa la kuhamisha.

Siku mbili alizunguka duka hana raha. Ya tatu akaokota sakafuni slipu ya zamani ya bonasi ya chai, ambayo mteja alikuwa amefungia balbu. Akaisoma bila kufikiri. Juu, pesa nyingi za kupendeza. Chini yake, makato: usafiri, mbolea, ushuru, unyevu wa majani, uzito wa gunia, mchango huu na ule. Mwisho kabisa, kile kilichobaki, ambacho hakikutosha kununua balbu. Masese akaanza kutabasamu. Akaenda kwa karani wa kanisa kuazima taipureta.

Siku ya Alhamisi, tarehe thelathini, wote kumi na mmoja walikuja kabla duka halijafunguliwa, wamevaa makoti, wengine na viti vyao. Masese akawagawia slipu. Ya Kipkurui ilisema: Bonasi kamili, dakika mia mbili. Kusafirisha sauti, dakika sabini. Ushuru wa mlingoti, arobaini. Unyevu, ishirini. Uzito wa gunia, kumi. Gharama ya kuandika slipu hii, thelathini. Kinachobaki, dakika thelathini.

Masese alishika meza kwa nyuma, akipima umbali wa mlango wa uani.

"Kusafirisha sauti," Kipsang akasoma, miwani puani. "Hii ni haki. Sauti imetoka hapa mpaka huko, haikuenda na miguu."

"Na ushuru?" mtu akauliza.

"Ushuru uko kila mahali."

"Mbona wewe umeanza na dakika mia tatu na umebaki na thelathini sawa na mimi?" Kipkurui akauliza.

"Mwenye kilo mingi anakatwa mingi," Kipsang akasema. "Wewe ni mkulima wa wapi?"

Wakainamia slipu zao. Hofu ya Masese ikaanza kulegea, na mahali pake pakaingia mshangao. Watu hawa hawakuwa na hasira. Walikuwa wamerudi nyumbani. Bonasi tamu isiyokatwa ingewatia wasiwasi, wangeuliza kuna nini. Lakini hii waliijua sura yake. Walipofika kwenye habari ya saa sita usiku, chini kabisa ya slipu, mmoja akaguna kwamba huo ni wakati wa wezi, na Kipsang akamkumbusha kwamba lori la majani nalo huja saa hizo, na hakuna aliyewahi kuliita mwizi. Hilo likazua kikohozi hapa na pale.

Kisha Kipkurui akasimama, amekunja uso. "Mimi nakataa hii ya unyevu. Agosti yote hakukuwa na mvua. Mimi niliongea sauti kavu."

Watu wakaunga mkono. Sauti ya Agosti haiwezi kukatwa unyevu. Wakachagua kamati ya watu watatu hapo hapo, kamati ikatoka nje, ikarudi, ikadai nusu ya unyevu. Masese akatoa leso akajipangusa, akasema atabeba yeye, kampuni itamkasirikia lakini atabeba. Akawaongezea dakika kumi kila mmoja. Wakapiga makofi. Kipsang akatoa neno la shukrani, akasema sasa ameamini hii ni kampuni ya kweli, akafunga kwa maombi. Kisha akaenda kwa mwenye mabati kumweleza kwamba bonasi ya mwaka huu imekuwa mbaya, na mwenye mabati, ambaye naye alikuwa na chai, akampa pole.

Duka likabaki tupu, ila Rodah. Alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na mlango muda wote huo, slipu magotini.

"Mama, uko na swali ya makato?" Masese akauliza. Uso wake ulikuwa bado na furaha ya yale makofi.

"Sina. Makato najua. Pale kwa mizani karani ananikata kilo mbili kila siku ya kupeleka majani, mwaka wa kumi na sita sasa. Yeye anajua anaiba, na mimi najua anaiba. Ndiyo maana huwa nasimama hapo karibu, naangalia mshale."

Masese akarudi nyuma ya kaunta.

"Wewe nilikuuliza unaonaje," Rodah akasema. "Sikusimama karibu."

Aibu ilimshika Masese. Angependa atukanwe. Aliangalia ubao, akaangalia sakafu, na mwishowe akasema lile jambo ambalo lilikuwa limemkaa kooni miezi sita.

"Mama, kwa ile ya polepole mimi napata elfu mbili. Kwa cash napata mia tatu."

"Nilifikiria ni kitu kama hiyo."

Masese alivuta droo. Zilihitajika elfu tano na mia nane, ile tofauti yote kati ya njia mbili, na ndani ya droo mlikuwa na elfu tano. Bonareri akaingia kutoka barazani bila kuitwa, akafungua kopo lake la hela za kushona, akaongeza mia nane juu ya kaunta, akarudi nje. Hakumwangalia mumewe.

Rodah alizihesabu. Kisha akazihesabu tena, noti moja moja, kwa sauti, akiinua moja ya mia mbili kwenye mwanga kuitazama. Akazifunga. Lakini hakuinuka, na Masese akaanza kuwa na tumaini kidogo, kwamba labda sasa atacheka, labda ataomba chai, labda atasema jambo la kumtukana kidogo kama watu wa nyumba moja.

"Kuna kingine, Mama?"

"Niandikie risiti."

Miaka yote hiyo, katika kununua na kuuza na kukopeshana, baina ya hawa wawili hapakuwa pamewahi kupita risiti. Masese alitafuta kitabu cha risiti chini ya kaunta, akakitafuta mahali alipojua hakipo, kisha mahali alipojua kipo. Akaandika jina la Rodah, akaandika kiasi alichomrudishia, akatia sahihi. Akaikata na kumpa kwa mikono miwili. Rodah aliisoma polepole, mstari baada ya mstari, midomo ikicheza, hadi chini. Kisha akairudisha juu ya kaunta.

"Andika na tarehe," akasema.